Kusini ipi? Namna ya kuchagua kanda ya kutembelea Tanzania

Ujumbe wa sauti uliingia usiku, kutoka Muscat. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, hakuweza kuificha furaha yake: wanakuja, yeye na shemeji na watoto watatu, siku kumi na mbili, na mara hii hawataki kuganda Unguja kama miaka yote. "Kaka, safari hii tunataka tuione Tanzania." Akataja orodha. Serengeti. Mlima Kilimanjaro, hata kwa kuutazama tu. Sokwe wa Kigoma. Kilwa, kwa sababu bibi yake shemeji alitoka huko. Halafu "kusini", kwa kuwa mwenzake kazini alimwambia siku hizi kuzuri ni kusini, hakuna msongamano.

Nilichukua karatasi nikaanza kujumlisha kilomita. Dar es Salaam hadi Arusha, zaidi ya 600. Arusha hadi katikati ya Serengeti, 300 na ushee, na sehemu kubwa ya mwisho ni vumbi na mawe. Serengeti kuzunguka ziwa hadi Kigoma, Kigoma kurudi Dar es Salaam, Dar es Salaam kwenda Kilwa. Nilipovuka elfu tatu niliweka kalamu chini. Watu husahau ukubwa wa nchi hii kwa sababu kwenye ramani ya Afrika inaonekana ya wastani tu. Ina takribani kilomita za mraba 945,000. Chukua Kenya, ongeza Uganda, ongeza Rwanda na Burundi, bado hujaifikia.

Swali la "twende wapi?" lina jibu, ila picha za mtandaoni hazikupi. Mimi huuliza mambo matatu, kwa mpangilio huu: unakuja mwezi gani, una siku ngapi, na pasipoti yako ni ya wapi. Uzuri wa mahali nauacha mwisho, maana kila kanda ina wakati wake wa kung'aa, na karibu kila kanda inaweza kukuharibia likizo ukiifuata wakati usio wake. Lakini hata kabla ya hayo kuna fundo la maneno, na fundo hilo limeshawapoteza watu wengi.

Kusini tatu

Mikoa iko 31, ishirini na sita Bara na mitano Zanzibar, na mipaka yake imeandikwa. Kanda ni kitu kingine. Kila taasisi inajikatia za kwake: wa hali ya hewa wana zao, wa hifadhi wana zao, vyama vya siasa vina zao. Msafiri anayesikia "kanda ya kusini" hajui anaongea na nani.

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba fulani ni "mtu wa kusini", atafikiria Lindi na Mtwara: korosho, Wamakonde, Wamwera, barabara inayovuka Rufiji. Hiyo ni kusini ya kwanza, na Kilwa imo humo. Kusini ya pili ni Nyanda za Juu Kusini: Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, ukipenda na Rukwa. Huko ni chai, viazi, parachichi, na asubuhi za Juni ambazo watu wanaota moto wakiwa wamevaa makoti. Kusini ya tatu ni ya wauza safari. Kwao kusini maana yake ni hifadhi za Mikumi, Nyerere, Udzungwa na Ruaha. Mtu wa Morogoro ukimwambia anakaa kusini atakutazama mara mbili, lakini kwenye vipeperushi Mikumi ni kusini.

Mwenzake dada yangu alikuwa anasema kusini ya tatu. Shemeji aliposikia "kusini" alifurahi akijua wanapita Kilwa. Kwenye ramani inaonekana yawezekana, vidole viwili tu. Barabarani haiwezekani, kwa sababu katikati ya Kilwa na Iringa kuna pori kubwa la Nyerere na Selous ambalo hakuna barabara kuu inayolikata. Ama unarudi hadi Dar es Salaam uanze upya, ama unazunguka Lindi, Masasi, Songea, Njombe. Kosa hili nimeliona kwenye mipango ya safari iliyoandikwa na watu wanaolipwa kuipanga.

Mwezi kwanza

Anayetoka nje huulizia "msimu wa mvua wa Tanzania" kana kwamba uko mmoja. Ipo mifumo miwili, na ukiielewa umemaliza nusu ya kazi.

Ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua likihamia kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda huo unapita juu ya kaskazini ya nchi na pwani ya juu. Hizo ndizo vuli, za Oktoba au Novemba hadi Desemba. Unaendelea kusini, unakaa huko Januari na Februari, halafu unarudi njia ileile ukipanda kaskazini: masika, Machi hadi Mei. Kwa hiyo Arusha, Moshi, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Pemba na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria wanaupata mara mbili, ukienda na ukirudi. Kwa watu wa Iringa, Mbeya, Songea, Mtwara, Dodoma, Tabora na Katavi, mwendo wa kwenda na wa kurudi unaungana ukawa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili.

Maana yake kwa mwenye mizigo ni kubwa. Januari na Februari, wakati Mbeya matope yako magotini, Arusha kumekauka kiasi, nako Ndutu, kwenye nyanda za mpaka wa Serengeti na Ngorongoro, nyumbu wanazaa kwa maelfu. Mtu anayekuja Februari na kuulizia Ruaha au Katavi, mimi humgeuza kaskazini bila kusita. Anayekuja Septemba ana uhuru wote: mifumo yote miwili imetulia, nchi nzima iko wazi.

Aprili na Mei mapema ndiyo miezi migumu. Bei za hoteli zinashuka, na wapo wanaofaidi, hasa kaskazini ambako mvua mara nyingi ni ya usiku na asubuhi. Ila pwani ya kusini wakati huo sipeleki mtu. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni pande zote mbili yakisubiri daraja la muda. Njia yenyewe ni hiyo moja. Ikikatika, umekatika nayo.

Kuna jambo linalowachanganya hata wenyeji. Ukame ndio rafiki wa anayetafuta wanyama: majani yamelala, maji yamebaki sehemu chache, wanyama wanayafuata. Tarangire tembo hujaa mtoni Juni hadi Oktoba kwa sababu hiyo. Katavi, mto Katuma ukikauka, viboko hubanana kwenye dimbwi moja la tope mpaka unajiuliza wanapumua vipi. Lakini anayependa mimea akija Agosti kapotea njia. Kitulo, uwanda wa maua ulio juu kati ya Mbeya na Makete, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili. Akija Agosti atakuta nyasi na upepo. Na akija wakati wa maua atapandia Chimala kwenye zile kona wanazoziita Hamsini na Saba, huku zinateleza.

Pwani na visiwani mvua ni nusu tu ya habari; nusu ya pili ni upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ni joto na bahari tulivu kwa pande nyingi. Kusi, inayovuma sana Juni hadi Agosti, inaleta ubaridi mzuri na inachafua bahari upande wa mashariki. Mashua za jahazi zilipangwa kwa pepo hizi karne nyingi kabla ya kalenda ya utalii, na wazee wa Muscat wanalijua hilo kuliko vijana wao.

Siku ngapi

Kanuni yangu: siku saba, kanda moja. Siku kumi hadi kumi na nne, kanda moja na bahari. Zaidi ya hapo ndipo uanze kuota kanda mbili za bara, na hapo panda ndege katikati.

Watu hubisha. Wanaangalia simu, inawaambia saa tisa. Simu haijui kwamba barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kilomita kama 830, ndiyo hiyohiyo inayobeba malori ya Zambia na Kongo, na kwamba lori moja likilala kwenye mlima Kitonga kila mtu analala. Haijui kwamba ndani ya Mikumi, ambako barabara kuu inapita hifadhini kwa kilomita 50 hivi, unatakiwa upunguze mwendo, na ukigonga mnyama unalipa. Wala haijui habari za Desemba kaskazini. Wiki ya Krismasi Wachaga wanarudi nyumbani "kuhesabiwa", utani wa miaka mingi, na kuanzia tarehe 18 hivi kupata kiti cha basi la Moshi ni sawa na kupata hirizi. Nimewahi kusimama stendi na tiketi mkononi, kiti changu amekalia mama mwenye mtoto na kuku wawili, nilimwachia.

Reli imebadilisha kidogo hesabu hizi. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma, na Dar es Salaam hadi Dodoma, kama kilomita 450, ni chini ya saa nne. Kwa mgeni faida kubwa ni Morogoro: unatoka Dar es Salaam bila kuionja foleni ya Kimara na Kibaha, gari la kukodi linakusubiri mbele. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ni safari ya kutazama na wala si ya kuwahi. Inapita ndani ya pori la Nyerere na unaweza kuona twiga dirishani. Ratiba yake ichukulie kama nia njema.

Huko ziwani nako kumesogea. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kivuko kati ya Mwanza na Sengerema imebaki hadithi.

Pasipoti na mfuko

Hapa dada yangu alinyamaza kidogo kwenye simu. Amezaliwa Muscat, anaongea Kiswahili cha Mji Mkongwe kitamu kuliko changu, lakini pasipoti yake ni ya Oman. Getini yeye ni mgeni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi ambacho familia ya kawaida inaweza kukipanga. Mgeni hulipa kwa dola. Viwango hubadilika, ila kwa sura ya jumla Serengeti imekuwa ikimtoza mgeni mtu mzima kama dola 70 kwa siku bila kodi, wakati Ruaha imekuwa chini ya nusu ya hiyo. Ongeza Ngorongoro: ukitoka Arusha kwa njia ya kawaida huwezi kuingia Serengeti bila kupita eneo la Ngorongoro, na kupita tu unalipia. Gari likishuka ndani ya kreta, kuna malipo mengine ya gari. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, usije na bulungutu la noti ukidhani askari wa getini atalihesabu.

Unguja nako, tangu Oktoba 2024, wageni wa nje wanatakiwa kukata bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Raia wa Tanzania haimhusu. Shemeji alicheka aliposikia. "Naenda kwa bibi yangu na bima." Nikamwambia bibi yako alizaliwa Kilwa, na bima hiyo ni ya Zanzibar.

Kila kanda ina lake

Kaskazini inastahili sifa zake, tusijifanye. Kreta ya Ngorongoro, bakuli la kilomita 19 hivi upana na mita 600 kwenda chini, haina mfano nchini. Oldupai, ambako Mary Leakey alilipata fuvu maarufu la Zinjanthropus, kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, mwaka 1959, ipo njiani. Wengi wanaipita mbio wakikimbilia simba, na hilo huniuma. Tatizo la kaskazini ni watu wanaosema "Serengeti" kama mahali pamoja. Hifadhi ile ni kilomita za mraba zaidi ya 14,700. Nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja, hawakai. Wanaifuata mvua kwa duara. Februari wako Ndutu kusini. Mei na Juni wanapita ukanda wa magharibi kuelekea mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba kundi kubwa liko juu kabisa, Kogatende, kwenye mto Mara. Aliyelipia hoteli Seronera, katikati ya hifadhi, Agosti akitegemea kuona wanavuka mto atakaa garini saa kadhaa kila upande, au atarudi nyumbani akisema Serengeti imekwisha.

Kwa Mtanzania wa kawaida nasema hivi: kama huna gari la juu na huna mtu wa kugawana naye gharama, Serengeti iache kwanza, shuka Mombo, pinda kulia, panda Lushoto. Kilima cha Irente unasimama ukingoni, nyika ya Wamasai imetandazwa chini yako mpaka macho yachoke. Hakuna simba. Kuna matunda damu, baridi, na nauli unayoimudu. Moshi vilevile: maporomoko ya Materuni na chemchemi za Chemka yanatosha siku mbili, na mlima ukijisikia utajifunua alfajiri. Kwenda kuupanda ni habari nyingine, ya siku zisizopungua tano na mfuko mnene. Asiyetaka kufika kileleni anaweza kutembea kutwa moja lango la Marangu hadi Mandara na kurudi, na atakuwa amefika mita 2,700 na ushee.

Kanda ya Ziwa wageni wengi huiruka, na wenyeji huiona kama mahali pa kwenda msibani na harusini. Nina siri moja nayo. Geti la Ndabaka la Serengeti liko palepale kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kama kilomita 140 kutoka Mwanza. Ukiingilia huko hugusi Ngorongoro wala malipo yake, na Juni nyumbu wako upande wako. Njiani kuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma, na mbele kidogo ukitaka ni Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu. Ukija Februari njia hiyo haina maana, wanyama wako upande wa pili.

Magharibi ni ya mwenye muda au mwenye pesa. Asiye na kimojawapo atateseka. Gombe ni ndogo, kilomita za mraba 50 hivi, inafikiwa kwa boti kutoka Kigoma, na ndiko Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikoanza kazi yake mwaka 1960. Mahale, kusini zaidi, haina barabara ndani. Ni boti na miguu. Ziwa Tanganyika lenyewe, lenye kina cha mita 1,470, maji yake ni meupe hadi unaona samaki wanaogelea chini ya mashua. Ila dada yangu ana watoto wadogo, na watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe porini. Mafua ya mtoto yanaweza kumuua sokwe. Hapo Kigoma ikatoka kwenye orodha, bila ugomvi.

Pwani ndiyo inayohitaji akili zaidi, kwa sababu watu wanadhani bahari ni bahari. Unguja mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali mno. Wakati wa bamvua unaweza kutembea nusu saa ukiwapita kina mama wa mwani kabla maji hayajakufika kifundoni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii hivyo, unaogelea karibu saa yoyote. Wanaopenda kurushwa na upepo juu ya ubao wenye tiara wanaitaka Paje ya Julai, kusi ikivuma. Mwenye watoto wanaojifunza kuogelea asiende huko. Pemba ni vilima, karafuu na utulivu. Mafia ni ya kuogelea na papa potwe, Oktoba hadi Machi, na haina maisha ya usiku kabisa, jambo ambalo mimi naliandika kwenye safu ya faida.

Kilwa nayo ni deni. Kutoka Dar es Salaam unashika barabara ya kusini, unafika Nangurukuru unakata kushoto, na jioni uko Kilwa Masoko unakula pweza. Ng'ambo, dakika chache kwa mashua, kuna Kilwa Kisiwani: msikiti mkuu wenye kuba zake, kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. UNESCO waliuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Siku niliyokwenda tulikuwa watu wanne kisiwani, ukiwatoa wenyeji na mbuzi. Lindi, mbele yake, ndiko kwenye kilima cha Tendaguru walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mnyama mwenyewe amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13, na Tendaguru kumebaki kilima. Usipeleke mtoto ukamuahidi dinosaria.

Kuhusu Dodoma, Singida na Kondoa nitasema sentensi moja: michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, inafaa kabisa kusimamisha gari ukiwa njiani kati ya Dodoma na Arusha.

Nyanda za Juu nimeziacha makusudi, maana hapo nina upendeleo. Ukipita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa kando ya barabara na mibuyu imejaa bonde zima, halafu Kitonga, kisha hewa inabadilika ghafla kama umefungua friji. Iringa mjini unaweza kukaa siku tatu bila kuchoka. Isimila, kama kilomita 20 nje ya mji, ni korongo la nguzo za udongo ambamo zana za mawe za watu wa kale zimelala chini wazi. Kalenga ni fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mlinzi wa makumbusho anaweza kukusimulia kisa cha Lugalo cha mwaka 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, kana kwamba alikuwepo. Barabara ileile ya Kalenga inakupeleka Ruaha, hifadhi ya takribani kilomita za mraba 20,000, ambako Agosti unaweza kukaa na simba kwa saa nzima bila gari la pili kutokea. Endelea mbele ukute Mufindi na chai zake, Makambako na upepo wake, Rungwe na Ziwa Ngozi ndani ya kinywa cha volkano ya zamani, hatimaye ushuke Kyela hadi Matema, mchanga wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Rungwe angalizo moja: huko mvua haina adabu ya msimu, inanyesha karibu mwaka mzima. Ndizi na chai haziko hivyo bure.

Walichochagua

Likizo ya watoto ilikuwa Agosti. Hilo peke yake lilifuta Ndutu na Kitulo, likaacha Ruaha kileleni. Siku kumi na mbili: kanda moja na bahari. Pasipoti tano za nje: geti la bei nafuu. Wakapanda treni hadi Morogoro, usiku mmoja Mikumi, mitatu Iringa, mitatu Ruaha, wakarudi na kumalizia siku zilizobaki Nungwi. Serengeti dada aliililia siku mbili, akasahau alipowaona tembo wakichimba maji kwenye mchanga wa mto Ruaha Mkuu kwa mikonga yao.

Kosa lilikuwa langu: sikuwaambia habari ya baridi. Watoto waliotoka kwenye joto la nyuzi 40 walishuka Iringa saa moja usiku na kaptula, na kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutafuta masweta ya mtumba sokoni kesho yake. Mdogo hadi leo analala na lake, Muscat, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Shemeji hajasamehe. Wiki iliyopita ameniandikia kwamba ana siku sita, peke yake, na safari hii ni Kilwa, tena amepata tiketi ya ndege ya bei rahisi sana. Nikamuuliza ya mwezi gani. Aprili.